Dhahabu na Akiba ya Uzeeni

(Mazungumzo yaliyosomwa redioni)

 

Leo nataka tuzungumze juu ya fedha. Najua wako watakaosema, "Kasisi na mambo ya fedha, wapi na wapi?" Lakini ndugu zangu, kasisi anayewatembelea watu wake majumbani anajua ya kuwa wazee wetu wengi hawapati usingizi, na si kwa sababu ya maradhi. Ni kwa sababu ya hesabu. Mtu amefanya kazi miaka 30 na zaidi. Amelipwa kiinua mgongo chake. Sasa anaketi na kukigawanya kwa miaka aliyobakiza, ambayo hajui idadi yake, na kila aendapo dukani anaona mgawanyo ule hautoshi tena.

Nimepokea barua kutoka kwa mama mmoja, mwalimu mstaafu. Jina lake nitalihifadhi. Amefundisha shule za msingi kwa miaka 34, na fedha zake zimeingia benki. Mume wake anataka zinunue ploti mbili kando ya barabara kuu. Mwana wake wa kwanza, anayefanya kazi Dubai, amempigia simu akamwambia, "Mama, shilingi ni karatasi tu. Nitumie hizo pesa nikununulie dhahabu huku. Dhahabu haiozi." Na jirani yake, ambaye huonana naye katika Umoja wa Akina Mama, anasema anamjua mtu Nairobi anayeuza dhahabu kwa bei ya chini kuliko ya soko. Mama huyu anauliza, "Nimsikilize nani, maana nikikosea sina miaka mingine 34 ya kufundisha?"

Nitajaribu kumjibu, na kwa kumjibu yeye niwajibu na wengine, kwa sababu barua kama hii si ya kwanza kunifikia.

Kwanza, mwana yule hakusema uongo juu ya shilingi. Wale wenye umri kama wangu na kuzidi twakumbuka mwaka 1993. Mwaka ule bei za vitu katika Kenya zilipanda kwa asilimia 46 hivi. Maana yake ni kwamba kikapu cha sokoni kilichojazwa kwa shilingi 100 mwaka uliotangulia, sasa kilihitaji shilingi 146. Na miaka ya 1991 na 1992 haikuwa mizuri pia. Mtu aliyestaafu mwaka 1990, akaweka kiinua mgongo chake benki na kuanza kula kidogo kidogo, kufikia mwisho wa 1993 aliona kila shilingi yake inanunua chini ya nusu ya ilichonunua alipopewa saa ya ukutani na kuagwa kwa keki. Wala hakuna mwizi aliyevunja mlango. Kitabu cha benki kilikuwa kile kile, tarakimu zile zile, mhuri ule ule. Huo ndio mfumuko wa bei. Humla mtu aliyeacha kazi kuliko umlavyo mwenye kazi, kwa maana mwenye kazi aweza kuomba nyongeza ya mshahara, na mstaafu hana wa kumwomba.

Na tazameni ajabu. Moja katika sababu za shida ile ya 1993 ilikuwa ni dhahabu yenyewe, lakini dhahabu ambayo haikuwako. Kampuni iliyoitwa Goldenberg International iliahidiwa na serikali malipo ya ziada ya asilimia 35 juu ya fedha za kigeni ambazo ingeleta kwa kuuza dhahabu na almasi ng'ambo. Kenya haina machimbo ya almasi. Dhahabu tulikuwa nayo, ndiyo, lakini machimbo makubwa ya Rosterman karibu na mji wa Kakamega yalifungwa mwaka 1952, na iliyobaki ilikuwa ni ya wachimbaji wadogo. Hata hivyo karatasi zilijazwa, mihuri ikagongwa, na mabilioni ya shilingi ya umma yakalipwa kwa mizigo isiyosafirishwa. Fedha hizo, pamoja na zile zilizomwagwa nchini wakati wa uchaguzi wa 1992, zilifanya shilingi kuwa nyingi na vitu kuwa vichache. Tume iliyoongozwa na Jaji Bosire ilichunguza habari hizi kuanzia 2003, na ikatoa taarifa yake 2006.

Nisipite hapa bila kumtaja David Munyakei, kijana aliyekuwa karani katika Benki Kuu. Yeye aliona karatasi zile mezani, akajua si za kweli, akatoa habari. Alikamatwa, akapoteza kazi, na akafariki mwaka 2006 akiwa hana kitu. Tunapohesabu wastaafu walioumizwa na dhahabu ile ya uongo, tumhesabu na yeye ambaye hakufikia hata kustaafu.

Haya, turudi kwenye swali. Je, dhahabu ya kweli ingemwokoa mzee wetu wa 1990?

Tufanye hesabu, na aliye na kalamu achukue. Dhahabu hupimwa kwa aunsi, ambayo ni gramu 31 na kidogo. Mwaka 1990 aunsi moja iliuzwa ulimwenguni kwa kama dola 380. Dola moja wakati ule ilikuwa karibu shilingi 23. Basi aunsi moja ilikuwa yapata shilingi 8,800. Mwisho wa 1993 aunsi ilikuwa kama dola 390, lakini dola moja sasa ilikuwa shilingi 68. Aunsi ile ile imekuwa zaidi ya shilingi 26,000. Bei za sokoni zimezidi mara mbili, nayo dhahabu imekaribia mara tatu. Mwana wa Dubai akisikia hesabu hii atapiga makofi.

Lakini asipige upesi. Angalieni tena tarakimu zile. Kwa dola, dhahabu haikuongezeka ila kidogo sana. Kilichopanda ni dola. Mzee yule hakuokolewa na mng'aro wa dhahabu, aliokolewa kwa kuwa akiba yake ilikuwa mahali ambapo taabu za shilingi hazikufika. Angekuwa na noti za dola chini ya godoro angepata karibu sawa na hayo, ila wakati ule sheria haikumruhusu mwananchi kuweka fedha za kigeni apendavyo. Sheria hiyo iliondolewa 1995. Siku hizi mwalimu mstaafu aweza kuingia benki yoyote mjini akafungua akaunti ya dola, wala asiulizwe sana. Basi jambo ambalo zamani lilihitaji dhahabu, leo lina njia nyingine.

Na shilingi yenyewe haishuki daima. Mwezi wa Januari 2024 dola ilifika karibu shilingi 160, na watu wengi wakaogopa wakakimbilia chochote kisicho shilingi. Baada ya miezi michache tu dola ilikuwa imerudi karibu na 130. Mtu aliyenunua dhahabu katika hofu ile ya Januari, hata kama bei ya ulimwengu ilikuwa inapanda, katikati ya mwaka alikuwa akiihesabu kwa shilingi anaona imepungua.

Sasa nataka tukae kidogo juu ya jambo ambalo vijana hawalijui, kwa sababu halikutokea mbele ya macho yao. Kijana wa leo ameona dhahabu ikipanda tu. Mwisho wa mwaka 2015 aunsi ilikuwa chini kidogo ya dola 1,100. Oktoba 2025 ilivuka dola 4,000. Mtu aliyeona kilima kimoja tu hudhani kwamba dunia yote ni kupanda.

Zamani bei ya dhahabu iliwekwa na serikali ya Marekani, dola 35 kwa aunsi, tangu 1934. Tarehe 15 Agosti 1971 Rais Nixon alitangaza kwamba Marekani haitabadilisha tena dola kwa dhahabu kwa bei hiyo, na tangu hapo bei ikaachwa ijitafutie njia. Ikapanda. Mafuta yakapanda bei, Iran ikapinduka 1979, majeshi ya Urusi yakaingia Afghanistan mwezi wa Desemba mwaka huo huo, na watu wenye hofu wakapanga foleni kwenye milango ya masonara katika miji mikubwa ya dunia. Tarehe 21 Januari 1980 aunsi ilifika dola 850.

Kisha mkuu wa benki kuu ya Marekani, Paul Volcker, akapandisha riba juu sana ili kuvunja mfumuko wa bei katika nchi yake. Watu wakaona kuwa fedha iliyo benki inazaa vizuri, na dhahabu iliyo sandukuni haizai. Wakauza. Kufikia katikati ya 1982 aunsi ilikuwa kama dola 300. Miaka 21 baada ya kilele kile, yaani 2001, ilikuwa kama dola 270 tu.

Tuchukue mfano wa mstaafu Mkenya mwenye miaka 55, ambaye angalinunua aunsi moja Januari 1980. Dola ilikuwa shilingi 7 na senti kadhaa, kwa hiyo angalilipa zaidi ya shilingi 6,000. Mwaka 2001 dola ilikuwa kama shilingi 78, na aunsi yake ingepata kama shilingi 21,000. Angesema, "Sifa kwa Mungu, imezidi mara tatu!" Lakini katika miaka ile ile bei za unga, sukari, nauli na dawa hapa Kenya zilipanda zaidi ya mara kumi. Yeye sasa ana miaka 76. Akiba aliyoiweka imlinde na kupanda kwa bei haikumlinda, na miaka aliyokuwa na haja nayo imekwisha.

Wako wataalamu wanaosema kwamba dhahabu huhifadhi thamani yake kwa karne nyingi. Yaweza kuwa kweli. Lakini mwalimu wetu hana karne nyingi. Ana miaka 15, Mungu akipenda 25, na katika kila mwezi wa miaka hiyo atahitaji unga. Kama mwezi wa kununua dawa ya shinikizo la damu ndio mwezi ambao bei ya dhahabu imelala chini, atauza tu, kwa bei hiyo hiyo. Hawezi kuiambia shinikizo la damu ingoje.

Hapa nakumbuka tulivyofundishwa katika chuo cha theolojia juu ya talanta. Wengi hufikiri talanta ni kipawa cha kuimba au cha kucheza kandanda. Kumbe ilikuwa ni uzito wa madini, mzigo mzito ambao mtu mmoja angeubeba kwa shida. Yule mtumwa wa tatu katika mfano wa Bwana aliifukia yake ardhini. Hakuiba. Hakupoteza hata chembe. Alipoifukua ilikuwa na uzito ule ule. Na bwana wake alimwuliza mbona hakuwapa watoao riba. Sikuleta mfano huu ili kuhubiri uwekezaji, maana mfano ule una maana kubwa zaidi ya hiyo. Lakini nauleta kwa sababu unaonyesha tabia ya dhahabu kwa uwazi kabisa. Haizai. Ng'ombe hutoa maziwa, chumba cha kupangisha hutoa kodi, fedha iliyokopeshwa hutoa riba. Dhahabu hukaa. Faida yake yote ni tumaini kwamba kesho atakuja mtu atakayeitaka kwa bei kubwa kuliko leo.

Mwezi ule ule wa Februari 2024, watu walipokuwa bado wanaogopa shilingi, serikali ya Kenya ilikopa kwa wananchi kwa hatifungani za miundombinu, ikaahidi riba ya zaidi ya asilimia 18 kwa mwaka, bila kutozwa kodi. Riba namna hiyo haipatikani kila mwaka, na serikali inayoahidi riba kubwa hivyo yenyewe iko taabuni, tusidanganyane. Hata hivyo mstaafu aliyechukua alikuwa na kitu cha kuingia mkononi kila miezi sita, na mfumuko wa bei mwaka ule ulikuwa chini ya nusu ya riba hiyo.

Na kuuza dhahabu si sawa na kutoa fedha benki. Mtu akinunua mkufu, hulipa dhahabu na kulipa ufundi. Siku ya kuuza, sonara huweka mkufu kwenye mzani na kulipa uzito tu, wala halipi maua aliyoyachora fundi. Tena kuna habari ya karati. Dhahabu safi ni karati 24. Bangili ya karati 22 ina dhahabu kama sehemu 92 katika 100, na ya karati 18 ni robo tatu tu, iliyobaki ni shaba na madini mengine. Wako akina mama waliovaa pete miaka 30 wakidhani ni dhahabu tupu, na siku ya shida sonara akawaeleza habari za karati kwa mara ya kwanza.

Basi je, nasema dhahabu ni bure? La, hasha. Ningesema hivyo ningewakosea mama zetu wa pwani, wenye hekima katika jambo hili kuliko wengi waliosoma vitabu vya uchumi. Kule Lamu na Mombasa binti hupewa dhahabu siku ya arusi, nayo ni mali yake mwenyewe. Hanunui mchicha kwa bangili. Chakula cha kila siku hutoka kwingine. Bangili hukaa kabatini na huvaliwa katika arusi za wengine, mpaka ije siku kubwa, mume amefariki, au mtoto amefukuzwa shule kwa ajili ya karo, au mtu anapelekwa hospitali usiku. Hapo bangili moja hutoka, si zote. Tazameni mpango huo ulivyo. Dhahabu haikuwekwa iwe mshahara, iliwekwa iwe mlango wa nyuma wa nyumba. Benki Kuu ya Tanzania nayo tangu 2023 imekuwa ikinunua dhahabu inayochimbwa nchini mwake na kuiweka katika akiba ya taifa, kwa sababu ya namna hiyo hiyo, asiwe na kitu kimoja tu cha kutegemea. Lakini benki kuu haistaafu, wala hainunui unga.

Kwa hiyo mama yangu, kama fedha za kukulisha kila mwezi zimekwisha kupangwa, na za ugonjwa ziko mahali unapoweza kuzifikia kwa siku moja, basi mwana wako na akununulie dhahabu kidogo. Kama waniuliza kidogo ni kiasi gani, mimi ningesema sehemu moja katika kumi ya kiinua mgongo, nisipite hapo. Kwa bei ya Oktoba 2025 gramu moja ya dhahabu safi ilikuwa zaidi ya shilingi 16,000, basi sehemu hiyo ya kumi haitakuwa donge kubwa, itaingia katika kiganja. Na asinunue mikufu. Anunue kipande kilichopigwa mhuri wa uzito na usafi, chenye hati yake na risiti yenye jina lako, naye aulize mapema idara ya forodha ya Kenya kabla ya kukitia katika mfuko wa safari. Kijana huyu anampenda mama yake, na neno lake juu ya shilingi lina ukweli. Ila yeye ana miaka 30 ya kungojea bei irudi ikishuka. Hapo ndipo hesabu yake na ya mama zinapoachana.

Kuna njia nyingine pia ambayo wengi hawaijui. Tangu mwaka 2017 katika Soko la Hisa la Nairobi kumekuwako hisa za dhahabu, zilizoletwa kwa jina la Barclays NewGold na baadaye zikaitwa Absa NewGold. Kila hisa inasimama badala ya kama sehemu moja ya mia ya aunsi, nayo dhahabu yenyewe imehifadhiwa. Hazihitaji sanduku wala kufuli, na mwizi hawezi kuzichukua usiku. Udhaifu wake ni kwamba wanunuzi katika soko letu ni wachache, na unapotaka kuuza huenda ukangoja. Zinunuliwe kwa dalali mwenye leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, si kwa mtu wa kukutana naye hotelini.

Na sasa nimfikie huyo mtu wa Nairobi anayeuza chini ya bei ya soko. Hapa sitatumia maneno laini. Dhahabu ina bei moja inayojulikana duniani kote, hutangazwa kila siku, na sonara yeyote aweza kuisoma katika simu yake. Mtu mwenye dhahabu ya kweli aweza kuiuza asubuhi hii karibu na bei hiyo. Kwa nini basi amtafute mwalimu mstaafu kutoka mashambani amwuzie kwa hasara? Hakuna sababu isipokuwa moja.

Mchezo huu wa Nairobi umekwisha kuwapata hata matajiri waliotoka ng'ambo na mawakili wao. Unapelekwa katika ofisi nzuri. Unaonyeshwa sanduku, na ndani yake kuna vipande vya kweli vichache, unaruhusiwa kuchagua kimoja kipimwe, nacho kinapimwa na kuonekana safi. Baadaye mzigo mkubwa "umekwama forodhani," umetoka Kongo, unahitaji ada ndogo ili utoke. Ukilipa ada ile inazaliwa nyingine. Au unapewa mzigo wenyewe, na uliomo ndani ni shaba iliyopakwa. Shaba hutambulika kwa uzito, kwa maana dhahabu ni nzito mara 19 kuliko maji, na shaba haifiki hata mara 9. Lakini yako madini yaitwayo tangsteni ambayo uzito wake unakaribiana sana na wa dhahabu, na walaghai wanaojua kazi yao huyatumia. Mzani wa jikoni hautakusaidia.

Na hata dhahabu ghafi ikiwa ya kweli, kutoka mashimo ya Migori au Kakamega, si halali kwa mtu yeyote kuinunua na kuiuza apendavyo. Sheria ya Madini ya 2016 yataka leseni. Wale ndugu zetu wanaochimba kule wanafanya kazi ya hatari, wanaisafisha dhahabu kwa zebaki mikononi mwao, akina mama wakiwa na watoto mgongoni, na fedha kubwa haibaki kwao. Siku nyingine nitawazungumzia.

Jirani wa mama huyu sidhani ni mwovu. Mara nyingi wanaotumwa kuwaleta watu ni waaminifu ambao wameahidiwa kitu kidogo, na wao wenyewe wameamini. Ndiyo sababu ulaghai huu hupita makanisani kwa urahisi. Tunaaminiana, twaitana ndugu na dada, na mtu huona haya kumwuliza dada yake katika Bwana, "Leseni iko wapi?" Ulizeni. Anayekasirika kwa kuulizwa leseni amekwisha kukujibu.

Juu ya baba na ploti zake nitasema machache, maana jambo la ardhi lingetuchukua mpaka saa ya habari. Ploti mbili zisizojengwa ni ndugu za dhahabu. Nazo hazilishi. Zaidi ya hayo zinaota magugu na majirani wenye tamaa. Kama fedha zatosha ploti moja na vyumba viwili vya kupangisha juu yake, hilo ni neno lingine, na hati yake ichunguzwe katika ofisi ya ardhi kabla ya kulipa shilingi moja. Na hili waliamue wawili, baba na mama. Kiinua mgongo ni cha mama, ni jasho lake la miaka 34, lakini uzee ni wao wote wawili.

Jambo moja zaidi kabla muda haujatuishia, juu ya mahali pa kuweka. Ukiweka dhahabu nyumbani, usiwaambie watu. Lakini usikose kumwambia mtu. Katika kazi hii yangu nimezika wazee ambao familia zao zilijua kwamba kuna kitu kimefichwa, wala hazikujua ni wapi, na kabla ya siku 40 watoto walikuwa wameng'oa sakafu na kuacha kusemezana. Chukua karatasi, andika ni gramu ngapi, ni karati ngapi, ilinunuliwa kwa nani na mwaka gani, na iko wapi. Shikanisha risiti pamoja nayo. Nakala moja awe nayo mwenzi wako, nyingine mtu mmoja unayemwamini ambaye hana sehemu katika urithi. Kama ni sanduku la benki, andika jina la tawi na ni nani mwenye ufunguo wa pili. Na karatasi hiyo isitiwe katika Biblia ya mezani, kwa maana ndipo mahali pa kwanza ambapo kila mtu hutazama.

Juma lijalo, Mungu akitujalia, nitajibu barua ya wazee wa ushirika mmoja walioniuliza juu ya kudhaminiana mikopo. Kwaherini.